Papa Edmond, Pamba na brosi ya saa kumi na mbili asubuhi

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, Papa Edmond Ntirenganya anatundika koti lake la bluu baada ya miaka ishirini na tisa na miezi mitatu akiwa muuguzi wa wanyama katika Kliniki Tunza, hapa Goma. Kuna na siku kadhaa za ziada. Nimezitafuta kwenye faili yake nikazikosa, kwa sababu karatasi ya kwanza ya kumwajiri iliungua na lava ya volkano ya mwaka 2002, pamoja na kabati, meza na kiti cha sekretere aliyenitangulia. Mwenyewe anasema alianza siku ya Jumatatu, mvua ikinyesha, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mbuzi. Tumeyakubali maelezo hayo.

Mimi ninayeandika ni Élodie wa mapokezi. Dokta Henri Kambere, mkurugenzi wetu, alinipa kazi ya kuandika ukurasa mmoja wa heshima kwenye programu ya sherehe hii, bila mchezo. Ukurasa mmoja haukutosha. Kuhusu mchezo, nilijaribu kuuacha, lakini mutu akifanya kazi miaka mingi na Papa Edmond, uso mkavu haudumu.

Niseme kwanza jambo ambalo kila aliyeketi hapa analijua, ila hakuna anayetaka kulitaja karibu na keki. Papa Edmond haondoki na moyo uliotulia. Kule nyuma, kwenye kivuli cha tangi la maji, amelala Pamba, mbwa mkubwa mwenye rangi ya maziwa, na kwenye ukuta wa biro yangu ya mapokezi ilibandikwa karatasi inayosema kwamba siku Papa Edmond atakapoacha kazi, Pamba naye ataondoka. Hawezi kumpeleka nyumbani kwake. Mke wake, Mama Uwingabire, ana pumu, na unyoya mmoja wa mbwa unatosha kumkalisha kitandani usiku kucha akitafuta pumzi. Ndiyo maana koti la bluu halijawahi kutoka hapa kliniki. Miaka yote hii Papa Edmond amelivaa asubuhi, amelivua saa kumi, amelitundika kwenye msumari wake, amenawa mikono hadi viwiko, kisha ndipo amekwenda kwake. Tangu mwezi wa tatu anamtafutia Pamba nyumba, na hadi asubuhi ya leo hajaipata. Basi, mukisoma yanayofuata, mulishike hilo.

Papa Edmond ni mutoto wa Kibumba, kwenye baridi, viazi na ng'ombe. Alikuja Goma mwaka 1995 akijua kumshika ng'ombe pua na kumtuliza kwa maneno, na hayo ndiyo yaliyompa kazi. Kuchoma sindano, kushona kidonda, kuangalia damu kwenye darubini, yote alifundishwa humu ndani. Lava ilipoingia mjini mwaka 2002, kliniki ilikuwa bado kule centre-ville, katikati ya mji. Watu walikimbia na magodoro. Papa Edmond alikimbia na darubini kichwani na boksi la chanjo mkononi, akavuka nayo mpaka Gisenyi, nchi jirani, akalala nayo kando ya barabara. Aliporudi, kliniki ilikuwa chini ya jiwe jeusi. Alihudumia wanyama chini ya hema la plastiki mwaka mzima, na kuta zetu za sasa hapa Himbi zilijengwa kwa mawe yaleyale. Darubini ipo hadi leo. Kioo chake kina mkwaruzo mmoja, na ni yeye peke yake anayejua jinsi ya kuukwepa.

Wale wa zamani wanakumbuka pia kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa kule Kituku. Watu walikuwa wanaficha mbwa wao, wakiogopa sindano ingewaua. Papa Edmond hakugombana na mutu. Aliomba kwa mama wauza samaki vichwa vya samaki beseni zima, akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akangoja. Mbwa wakaja wenyewe, na wenye mbwa wakaja nyuma yao. Kazi ilikwenda vizuri sana. Shida ilikuwa jioni, maana hakuna aliyewaambia mbwa kwamba kampeni imekwisha, na alirudi Himbi kwa miguu akifuatwa na mbwa kumi na moja.

Kuna na habari ya Mama Miriam wa Birere, ambayo inanileta kwenye yale ninayotaka kusema. Mama huyo alikuja kiangazi kimoja akimvuta mbwa wake kwa kamba, macho yamemvimba kwa kulia. Mbwa alikuwa ananyonyoka manyoya, yamejaa mkekani, yamejaa kwenye unga, na majirani walikuwa wamemwambia: "Hiyo mbwa iko na ugonjwa, itaambukiza watoto." Alitaka tumchome sindano ya kulala moja kwa moja. Papa Edmond alipiga magoti, akayatenganisha manyoya kwa vidole kuanzia shingoni hadi mkiani. Ngozi ilikuwa safi. Hakuna magamba, hakuna wekundu, hakuna harufu, hakuna sehemu iliyobaki upara. Manyoya yalikuwa yanapungua sawasawa mwili mzima, na mbwa mwenyewe hakuwa anajikuna. Akamwambia mama kwamba huyo si mgonjwa, anabadilisha nguo tu. Alimchana uani saa nzima, yakatoka manyoya ya kujaza ndoo mbili, na mbwa akarudi Birere amekuwa mwembamba. Mama Miriam alituletea sombe, majani ya muhogo, kila Noeli, hadi mbwa yule alipokufa kwa uzee.

Sasa Pamba. Mwezi wa tano mwaka 2021 mlima uliporusha moto tena na mji ukaamriwa kuhama, bwana mmoja mgeni wa mashirika ya misaada alituletea mbwa wake jike, wa asili ya nchi za baridi, akasema ni kwa siku mbili. Kisha kazi yake ikahamishiwa mbali, akatuma ujumbe wa kuomba radhi, na huo ukawa mwisho wake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pamba alipewa jembe la kulinda ua, na kazi hiyo anaifanya akiwa amelala.

Ilipofika Juni, jua kali na vumbi la lava, akaanza kunyonyoka. Mimi nimelelewa Butembo, nimeona mengi, lakini hayo sikuwahi kuyaona. Manyoya yalikuwa kwenye chai. Yalikuwa kwenye rejista. Yaliingia kwenye wino wa muhuri, na kwa wiki mbili kila cheti cha chanjo kilichotoka hapa kilikuwa na mstari mwembamba uliopita katikati ya muhuri. Wateja walidhani ni sahihi mpya ya Dokta. Mimi nilikuwa nafagia asubuhi, saa sita na jioni, na kila nilipogeuka kulikuwa na unyoya mwingine unaruka. Niliandika malalamiko matatu. Papa Edmond aliyasoma yote kwa heshima, akaendelea kumpenda mbwa.

Siku moja Dokta alikuwa anamshona paka, akakuta unyoya wa Pamba chini ya uzi. Dokta wetu ni mutu wa kunyamaza, lakini siku hiyo alisema. Alisema hadi maji ya kuchemshia vyombo yakakauka. Mbwa awe ameondoka kufikia Jumamosi. Papa Edmond akaingia ofisini kwake, kofia mkononi, akatoka na mkataba. Mbwa atabaki, mradi unyoya wake usionekane tena katika chumba cha upasuaji. Jukumu ni la Bwana Ntirenganya peke yake, na siku atakapoacha kazi, mbwa ataondoka naye. Karatasi hiyo niliichapa mimi, kwa furaha, nakala mbili, nikaibandika mwenyewe ukutani.

Kuanzia hapo, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka, Papa Edmond alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya tangi, Pamba mbele yake. Kwanza vidole, kutafuta kiroboto, kidonda au fundo. Kisha reki aliyoitengeneza mwenyewe, kipande cha ubao wa kreti chenye meno ya chuma ya vitana vya wasusi wa Birere, ncha zote zimepigwa tupa hadi zikawa za mviringo. Alifuata manyoya yanavyolala, kidogo kidogo, bila kukandamiza, akikaa zaidi nyuma ya masikio, mapajani na kwenye shina la mkia, kwa sababu ndipo manyoya ya ndani yanapojificha. Halafu brosi laini. Mwisho kiganja chenye maji, kuzoa yaliyobaki. Kuoga ni mara moja kwa mwezi, maji ya vuguvugu, na daima baada ya kuchana, maana manyoya yaliyokufa yakilowa yanashikana na hayatengani tena. Kisha taulo hadi kwenye ngozi. Mara mbili kwa wiki, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kuchemsha bila chumvi, ili ngozi ipate mafuta.

Hakuwahi kudai kwamba anazuia. Mteja akimuuliza dawa ya kusimamisha manyoya, jibu lilikuwa lilelile: "Manyoya itaanguka tu, mama. Sisi tunachagua fasi ya kuangukia." Aliyoyatoa aliyaweka juu ya ukuta wa mawe, na ndege walikuja kuyachukua kwa viota vyao. Kuna asubuhi nilikuta ndege sita wamepanga foleni. Nilicheka peke yangu, kisha nikakumbuka kwamba nimekasirika.

Hapa ndipo ninapopaswa kusema jambo ambalo sijalisema kwa miaka mitatu.

Mwezi wa saba wa mwaka ule Papa Edmond alikwenda kongé Kibumba, likizo ya wiki mbili, kuvuna viazi. Njia ilikuwa bado inapitika, kabla ya vita kuifunga, na shamba lile bado alikuwa analifikia. Aliniachia Pamba. Si Namegabe mlinzi, si mutu mwingine, mimi, mwenye malalamiko matatu. Aliniandikia maelezo kwenye karatasi ya daftari, pande zote mbili. Siku ya kwanza nilichana. Siku ya pili nilichana nusu. Siku ya tatu upepo ulinirudishia yote usoni, nikasema basi.

Nilifikiri kama mama. Sisi watoto wetu, rentrée ya shule ikikaribia, tunawapeleka kwa kinyozi, kichwa chote chini, wanaanza shule safi, na nywele zinaota upya. Nikamwambia Namegabe kwamba nampeleka mbwa kutembea. Nilimpeleka Birere, kwa Jean-Bosco, anayewanyoa wanangu. Jean-Bosco ni fundi, hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu: "Chini kabisa, ao tuache kidogo?" Nikasema chini kabisa.

Pamba alitoka pale kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Nilijisifu jioni nzima. Usiku huohuo upepo wa ziwa ulivuma, na kesho yake Namegabe aliniambia mbwa alitetemeka hadi asubuhi. Mchana jua lilimchoma mgongo, ukawa mwekundu. Na manyoya hayakukoma kuanguka. Yalianguka mafupi, magumu, yakachoma kwenye soksi, na hakuna fagio lililoyaona.

Papa Edmond alirudi Jumatatu na gunia la viazi vya sisi wote. Alimwona mbwa. Aliliweka gunia chini, akavua triko yake ya sufu aliyotoka nayo Kibumba, akamvalisha Pamba, miguu ya mbele kwenye mikono ya triko, akaifunga tumboni kwa bandeji. Baadaye tu, tukiwa bombani, alinieleza kwa sauti ya kawaida kwamba mbwa wa aina hii ana manyoya ya juu ya kuzuia jua na mvua, na ya ndani ya kutunza joto, na kwamba ukimnyoa umeondoa bati la nyumba pamoja na plafo, dari yake. Nilitamani angenigombeza.

Kisha aliingia kwa Dokta. Mlango wetu ni mwembamba, kila mutu anajua. Nilimsikia akisema: "Dokta, kosa ni langu. Sikueleza vizuri." Dokta, kwa vile jina lililo kwenye karatasi ya ukutani lilikuwa moja tu, alimpa onyo la maandishi. Ni onyo pekee katika miaka ishirini na tisa. Na nani alilichapa? Ni mimi. Nilichapa onyo la kosa langu kwa jina la mutu mwingine, nikalipiga muhuri, nikaliweka kwenye faili yake, nikanyamaza. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi. Hiyo ndiyo sababu, na si nzuri.

Mwaka na nusu ulipita kabla Pamba hajafanana na Pamba, na hadi leo kuna sehemu mgongoni iliyoota vibaya. Mbwa hasahau. Alipovisikia viatu vyangu, aliinuka akaenda upande wa pili wa tangi. Papa Edmond ndiye aliyeendelea kunisalimia kila asubuhi, kuniuliza wanangu wameamkaje, kuniwekea ndizi moja mezani siku za Ijumaa.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu akaanza kumtafutia mbwa makazi. Alikwenda kwa masista, wakamwambia wana sungura na hawataki vita. Alikwenda kwenye hoteli moja, wakataka picha ya mbwa kwa ajili ya wageni, lakini mbwa mwenyewe hapana. Alikwenda kwa bwana mmoja mwenye nyumba kubwa, aliyemtaka sana. Papa Edmond aliiona minyororo kwenye geti, akasema asante, akarudi na Pamba wake kwa miguu. Nilimwona anaingia uani. Alimfungulia kamba, akakaa kwenye ile ndoo bila brosi, bila kitu, muda mrefu. Nilimwona amezeeka siku hiyo.

Kuanzia hapo nilianza kubaki nyuma. Papa Edmond anaondoka saa kumi. Mimi nilikuwa nangoja hadi Namegabe afunge geti, kisha nakwenda nyuma ya tangi bila viatu, kwa sababu Pamba alivijua viatu vyangu. Wiki ya kwanza nilikaa tu kwenye ndoo, nimempa mgongo, na sambaza kwenye kiganja. Hakuja. Wiki ya pili aliwala sambaza nilipoondoka. Ya tatu aliwala nikiwepo. Nilimgusa kwa nyuma ya mkono, halafu kwa vidole, halafu kwa upande wa mbao wa brosi, ule usio na meno. Namegabe alikuwa shahidi, na alinicheka sana, na sikumkatalia. Katikati ya mwezi wa tano Pamba aliweka kidevu chake juu ya goti langu, nikalia kama mutoto. Kesho yake nilianza kumchana kwa reki. Nilifuata ile karatasi ya daftari, pande zote mbili. Nilikuwa bado ninayo.

Sikumwambia Papa Edmond. Niliwahi kuaminiwa na mbwa huyu nikaharibu, na sikutaka kuahidi tena kabla ya kujua kama naweza.

Hapo ndipo mambo yakawa magumu, na wafanyakazi wote mnajua, ila hamkujua kwa nini. Juni ilifika, wakati wa manyoya mengi, na Papa Edmond kila asubuhi alitoa manyoya kidogo. Akashangaa. Akampima uzito. Akamwangalia fizi na masikio. Akamwongezea sambaza. Alimtoa damu, akaiangalia kwenye darubini ile ya 2002, akiukwepa ule mkwaruzo, asione kitu. Alimuuliza Dokta kama uzee unaweza kusimamisha manyoya. Wiki iliyopita alimwambia Namegabe kwamba labda Pamba amejua kuwa wanaachana, na huzuni imemkaushia ngozi. Alikuwa anasema kweli.

Papa Edmond, mbwa wako haumwi. Manyoya yake yanaanguka kama kila mwaka. Yanaangukia jioni, mikononi mwangu.

Jumanne mulifanya remise-reprise na Vanessa, muuguzi mpya anayeshika nafasi yako. Wageni wetu wa leo wanijalie niseme kwamba hapa kwetu mutu haondoki kazini kwa kupeana mikono tu. Vitu vyote vinaandikwa mstari kwa mstari, anayetoa anasaini, anayepokea anasaini. Kilicho kwenye orodha kinabaki, kina mwenyewe. Kisichokuwa kwenye orodha kinaondoka na wewe. Ulisoma kila mstari kwa sauti: vipimajoto viwili, buti jozi tatu, darubini moja yenye mkwaruzo. Ulipofika mwisho ulitazama upande wa tangi, ukafunga kalamu. Hukuomba mstari mwingine, kwa sababu Pamba si mali ya kliniki, na wewe huwezi kuandika uongo hata kwa kumwokoa mbwa.

Jumatano niliingia kwa Dokta nikamwambia yote, Birere, Jean-Bosco, tondeuse ya kunyolea, onyo. Nilikuwa nimeandaa na barua ya kuacha kazi, ikibidi. Dokta alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mama Élodie, umechelewa miaka mitatu." Kumbe Jean-Bosco ananyoa ndevu za Dokta pia, na alimsimulia wiki ileile, akijivunia kazi. Dokta alitaka kulifuta onyo. Wewe ulimkataza. Ulimwambia likifutwa, itabidi liandikwe jina lingine, na mama huyo ana watoto watatu shuleni. Sikuwa najua. Nimelijua juzi, na hadi sasa sijui mutu anasema asante ya jambo kama hilo kwa neno gani.

Onyo halipo tena kwenye faili. Dokta amelichana mbele yangu, na karatasi ya ukutani ameibandua kwa mkono wake. Mahali pake pameandikwa kwamba Pamba anabaki Kliniki Tunza, na sharti la chumba cha upasuaji linaendelea, chini ya jukumu la Élodie wa mapokezi.

Mukigeuza programu hii, mutakuta ukurasa wa nyuma una nyongeza ya remise-reprise. Ina mistari mitatu tu. Wa kwanza: mbwa mmoja jike, jina lake Pamba, mwenye afya. Wa pili: reki moja ya mbao, brosi moja laini, ndoo moja ya kukalia. Dokta amesaini, na chini ya neno “aliyepokea” nimesaini mimi. Chini ya neno “aliyekabidhi” pako wazi. Tukimaliza keki nitakuletea kalamu, na tafadhali usinisomee kila mstari kwa sauti, nitalia mbele ya wageni.

Tunakushukuru kwa wanyama wote uliowashika wakati wenye wanyama walikuwa wanageuza uso. Tunamshukuru Mama Uwingabire aliyetukopesha mume wake tangu asubuhi mapema. Mungu akupe uzee wenye usingizi mzuri, viazi vya kutosha, na siku moja njia ya Kibumba ifunguke ukalione shamba lako. Uishi vema, Papa Edmond, nasi tutajitahidi kukaa vema.

Nilikuwa nimesahau mstari wa tatu. Unasema: koti moja la bluu, libaki kwenye msumari wake, mwenyewe atalivaa akija na kulivua akitoka. Pamba nitamchana mimi jioni. Saa kumi na mbili asubuhi tumeiacha yako, kama ilivyokuwa, na mlango wa nyuma Namegabe ataufungua.